Kupanga matokeo ya hifadhidata: kwa SQL, kwa PHP au kwenye kivinjari?

Mama mmoja mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, ambaye mfumo wake wa madeni nautunza mimi, alinipigia simu asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia harakaharaka, akaingia kwenye lililomfanya apige.

"Mwanangu, hapa pameandikwa wadaiwa, deni kubwa juu. Wa kwanza anadaiwa laki nne. Yule fundi wa stendi namdai milioni mbili na nusu, mbona nimemkuta ukurasa wa saba? Yuko juu, ndiyo, lakini juu ya ukurasa wa saba."

Maneno yake ya mwisho yalinionyesha kosa kabla sijafungua kompyuta. Nilipoufungua msimbo nikakuta hivi:

```php
$q = $db->query("SELECT id, jina, deni FROM wateja
                 WHERE deni > 0 LIMIT 20 OFFSET 120");
$wadaiwa = $q->fetchAll(PDO::FETCH_ASSOC);
usort($wadaiwa, fn($a, $b) => $b['deni'] <=> $a['deni']);
```

Hifadhidata ilikata kwanza (LIMIT 20 OFFSET 120, yaani ruka 120, chukua 20), PHP ikapanga baadaye (usort). Kila ukurasa ulichukua rekodi 20 zozote, kisha 20 hizo zikapangwa zenyewe kwa zenyewe. Ukiangalia ukurasa mmoja unaona mpangilio safi kabisa, na hicho ndicho kilichofanya kosa lidumu miezi bila mtu kulishtukia. Ukizitandika kurasa zote mezani ndipo unaona hakuna mpangilio wowote.

Kwa hiyo mtu akiniuliza apange wapi, kwa ORDER BY ndani ya hoja ya SQL (ombi linalotumwa kwa hifadhidata), kwa usort ndani ya PHP (lugha ya msimbo wa upande wa seva), au kwa JavaScript kwenye kivinjari cha mtumiaji, nami humuuliza: katika hizo sehemu tatu, ni ipi inayoziona rekodi zote? Sehemu isiyoziona zote haiwezi kukwambia nani wa kwanza. Kasi, memori na usalama ni mambo ya kweli na nitayafikia, ila haya yote huja baada ya hilo.

Hifadhidata: chaguo langu la kawaida

Kwanza tuondoe imani moja ambayo nimeikuta hata kwa watu wenye uzoefu. Jedwali la SQL halina mpangilio wake. Ukiandika SELECT bila ORDER BY, injini, ile sehemu ya hifadhidata inayosoma rekodi, ina ruhusa ya kukuletea rekodi kwa mfuatano wowote unaoirahisishia kazi. Watu hudanganyika kwa sababu InnoDB, injini ya kawaida ya hifadhidata ya MySQL, huhifadhi rekodi kwa kufuata ufunguo mkuu, hivyo mara nyingi matokeo hutoka kwa namba ya id, moja, mbili, tatu, na mtu anaona mambo yako sawa. Siku unaongeza faharasa nyingine (index, orodha ya pembeni inayokaa tayari imepangwa), injini ikaona ni nafuu kupitia huko, mfuatano unabadilika na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Hili si la kufikirika. Hadi MySQL 5.7, hoja yenye GROUP BY, inayokusanya rekodi kwa makundi, ilikuwa inatoa matokeo yaliyopangwa kwa safuwima za makundi bila kuombwa. Toleo la 8.0 liliacha tabia hiyo. Ripoti ya mauzo ya kila mwezi iliyokuwa ikitoka Januari, Februari, Machi kwa bahati ya GROUP BY inaweza kutoka ovyo baada ya seva kuhamishiwa toleo jipya, na aliyeiandika hajagusa hata herufi moja. Ukitaka mpangilio, uandike.

Faida kubwa ya kupanga huku ni faharasa. Chukua hoja ya yule mama, ambaye ana maduka mawili kwenye mfumo mmoja:

```sql
SELECT id, jina, deni FROM wateja
WHERE duka_id = 2 AND deni > 0
ORDER BY deni DESC, id DESC LIMIT 20;
```

Bila faharasa inayofaa, MySQL inasoma wadaiwa wote wa duka la pili, inawapanga, inakupa 20. Ukiitanguliza hoja hiyo kwa neno EXPLAIN utaona maneno "Using filesort". Jina hilo huwatisha watu bure, wakadhani lazima kuna faili linaandikwa kwenye diski. Upangaji huo hufanyika kwanza kwenye memori, katika nafasi iitwayo sort_buffer_size ambayo kwa kawaida ni KB 256, na ni pale data inapozidi ndipo faili za muda hutumika. Palipo na LIMIT ndogo, injini inaweza hata kushika mkononi wale 20 wa juu tu na kuwaachia wengine wapite.

Sasa weka faharasa ya (duka_id, deni). Faharasa yenyewe tayari imekaa kwa mpangilio. Injini inaenda moja kwa moja kwenye duka la pili, inaanzia mwisho wenye madeni makubwa, inahesabu 20 na kuacha. Wateja wawe elfu moja au milioni moja, inagusa wachache walewale. Hakuna ustadi wa PHP utakaoifikia kazi hii, kwa kuwa PHP haiwezi kupanga kitu ambacho hakijaletwa kwake, na kukileta ndiyo gharama yenyewe.

Kwa upande wa gharama hiyo, kumbuka kwamba ukomo wa memori wa PHP kwa kawaida ni MB 128 kwa kila ombi. Rekodi moja yenye safuwima chache, ikishageuzwa kuwa orodha ya PHP, hula mamia ya baiti. Ukivuta rekodi laki tatu kwa fetchAll ili upange wewe mwenyewe, utagonga ukomo huo hata kabla usort haijaanza, na mtumiaji ataona ukurasa mweupe.

Mahali ORDER BY inapoponza

Kosa la kwanza ni aina ya data. Namba zilizohifadhiwa kama maandishi hupangwa kama maandishi: 1, 10, 100, 2, 9. Tarehe zilizoandikwa "05/11/2023" hupangwa kwa siku badala ya mwaka, kwa hiyo tarehe 5 Novemba 2023 inatangulia tarehe 6 Januari 2019. Dawa ni kuhifadhi namba kwenye safuwima ya namba na tarehe kwenye safuwima ya DATE, kisha kuzipamba kwa namna inayosomeka wakati wa kuzionyesha. Kuna njia ya kugeuza ndani ya hoja, kama STR_TO_DATE, lakini ukiitumia kwenye ORDER BY ile faharasa ya kawaida ya safuwima hiyo haikusaidii tena kupanga.

La pili ni alama za nukuu. ORDER BY 'deni' yenye nukuu za kawaida haimaanishi safuwima ya deni. Inamaanisha neno "deni", ambalo ni lilelile kwa kila rekodi, hivyo hakuna kinachopangwa. MySQL hailalamiki. Nimewahi kupoteza saa nzima kwa nukuu hizo.

La tatu ni zito zaidi, na ningependa ulisome polepole kama mfumo wako unamruhusu mtumiaji kubonyeza kichwa cha safuwima ili apange. Tumefundishwa, na ni sahihi, kutumia hoja iliyoandaliwa, tukiweka alama ya kuuliza mahali pa thamani. Lakini alama hiyo inabeba thamani tu, haibebi jina la safuwima. Ukiandika ORDER BY ? na kuipa neno "deni", unarudi kulekule kwenye nukuu: unapanga kwa neno lisilobadilika. Mtu akiona haifanyi kazi, anachukua njia ya mkato, anachomeka $_GET['panga'] moja kwa moja kwenye maandishi ya SQL. Hapo amemfungulia mlango kila mwenye nia mbaya: kinachoandikwa kwenye anwani ya ukurasa kinakuwa sehemu ya hoja, na kwa ORDER BY peke yake mshambuliaji anaweza kudondoa taarifa za majedwali mengine kidogokidogo kwa kutazama mpangilio unavyobadilika.

Njia salama ni ndogo tu, haina kisingizio cha kuiacha:

```php
$ruhusa = ['jina'   => 'jina',
           'deni'   => 'deni',
           'tarehe' => 'tarehe_ya_mkopo'];
$safuwima = $ruhusa[$_GET['panga'] ?? 'deni'] ?? 'deni';
$uelekeo  = ($_GET['uelekeo'] ?? '') === 'kupanda' ? 'ASC' : 'DESC';

$q = $db->prepare("SELECT id, jina, deni FROM wateja
     WHERE duka_id = ? AND deni > 0
     ORDER BY $safuwima $uelekeo, id $uelekeo LIMIT 20");
$q->execute([$duka]);
```

Mtumiaji anachagua kutoka kwenye orodha uliyoiandika wewe. Akileta neno lisilojulikana anapewa deni. Hakuna herufi yake hata moja inayoingia kwenye SQL.

Ile id mwishoni mwa ORDER BY isikupite. Wadaiwa wanane wakiwa na deni la 50,000 kila mmoja, hifadhidata iko huru kuwatoa kwa mfuatano wowote kati yao, na mfuatano huo unaweza kubadilika kati ya ukurasa wa pili na wa tatu. Matokeo yake ni mteja mmoja kuonekana kwenye kurasa zote mbili na mwingine kutoonekana kabisa. Kwenye orodha ya madeni huko ni kupoteza pesa. Id haijirudii, kwa hiyo inamaliza ubishi.

PHP: inashinda pale sababu ya mpangilio iko nje ya hifadhidata

Sisemi usort haina kazi. Ipo kwenye mifumo yangu mingi, na kila mahali ilipo naweza kueleza imefuata nini.

Mfano ulio wazi ni orodha inayotoka sehemu mbili. Mfumo mmoja ninaoutunza unaonyesha malipo ya taslimu yaliyoingizwa kwa mkono, yaliyomo kwenye MySQL, pamoja na malipo ya simu yanayoletwa moja kwa moja na huduma ya malipo. Hifadhidata haiyajui ya pili. PHP ndiyo sehemu pekee inayoziona orodha zote mbili, kwa hiyo PHP ndiyo inayoziunganisha na kuzipanga kwa saa. Ni swali lilelile la mwanzo, ila safari hii jibu limehama.

Mfano mwingine ni majina yenye namba ndani: Chumba 1, Chumba 2, Chumba 10. SQL ya kawaida itaweka Chumba 10 mbele ya Chumba 2. PHP ina strnatcasecmp inayosoma namba kama mtu anavyozisoma. MariaDB, hifadhidata ndugu ya MySQL, ina NATURAL_SORT_KEY tangu toleo la 10.7, lakini MySQL haina kitu kama hicho, na kwa nyumba ya wageni yenye vyumba 30 sioni sababu ya kujitesa. Vuta vyote 30, panga, onyesha.

Na ukurasa unaoonyesha orodha ileile fupi mara mbili, kwa jina upande mmoja na kwa kiasi upande mwingine, hauhitaji hoja mbili. Moja inatosha, PHP imalizie.

Ukiichagua njia hii, angalia toleo. Kabla ya PHP 8.0, iliyotoka mwaka 2020, upangaji haukuhakikisha kwamba rekodi zinazolingana zinabaki kwa mfuatano wake wa awali. Ubaya wake ulikuwa huu: orodha fupi, za chini ya vipengele 16, zilitunza mfuatano huo kwa sababu zilipangwa kwa mbinu nyingine ya ndani. Unajaribu kwa data ya majina kumi, kila kitu shwari. Unapeleka dukani kwenye majina mia, yanavurugika. Tangu 8.0 tatizo hilo limekwisha. Pia fanksheni ya kulinganisha irudishe namba hasi, sifuri au chanya; alama ya <=> iliyokuja na PHP 7 inafanya hivyo yenyewe. Kuandika `return $a > $b` kunarudisha ndiyo au hapana tu, na PHP 8 inakuonya.

Herufi, na kisa cha ng'ombe

Hapa ndipo SQL na PHP hutofautiana bila kukwambia, na ni Kiswahili chetu kinachoumia. Sort na strcmp za PHP hulinganisha baiti, yaani namba zinazowakilisha herufi ndani ya kompyuta. Kwa baiti, herufi kubwa zote hutangulia ndogo zote, kwa hiyo Zuhura aliyeandikwa kwa Z kubwa anakaa mbele ya asha aliyeandikwa kwa a ndogo. MySQL 8, kwa kanuni yake ya kawaida ya kulinganisha herufi, utf8mb4_0900_ai_ci, haitofautishi kubwa na ndogo, hivyo Asha anakaa panapomstahili.

Nililiona hili kwa karibu kwenye duka la dawa za mifugo. Orodha ya kuchagua mnyama ilikuwa imejazwa na watu wawili, mmoja kwenye kompyuta, mwingine kwenye simu. Ikapangwa kwa PHP, ikatoka hivi:

ng'ombe
ngamia
nguruwe
ng’ombe

Ng'ombe wawili, mmoja juu, mmoja chini. Tazama ile alama. Wa kwanza ana alama iliyonyooka, ambayo kwa baiti ni ndogo kuliko herufi yoyote. Wa mwisho ana alama iliyopinda, ambayo baadhi ya kibodi na programu za kuandikia huiweka zenyewe, na hiyo kwa baiti ni kubwa kuliko a hadi z zote. Muuzaji alikuwa akitafuta dawa za ng'ombe akipata nusu yake.

Kupanga peke yake hakuponyi data chafu. Tulianza kwa kugeuza alama zote zilizopinda kuwa zilizonyooka wakati wa kuingiza, na neno likawa moja. Baada ya hapo, kwa orodha inayopangwa ndani ya PHP, tumia Collator ya kiendelezi cha intl, inayolinganisha kwa kanuni za lugha, badala ya strcmp:

```php
$c = new Collator('sw');
usort($wanyama, fn($a, $b) => $c->compare($a['jina'], $b['jina']));
```

Ukiwa unatumia hifadhidata ya SQLite, fahamu kwamba yenyewe hulinganisha kwa baiti usipoiambia vinginevyo, kwa hiyo Zuhura na asha watakusumbua hata ukiwa ndani ya SQL.

Mpangilio usio wa herufi wala namba

Hali ya oda: mpya, inaandaliwa, njiani, imefika. Kwa herufi, inayoandaliwa itakuja baada ya iliyofika, jambo lisilo na maana dukani. MySQL ina FIELD(hali, 'mpya', 'inaandaliwa', 'njiani', 'imefika') na inafanya kazi, ila hali isiyotajwa hupewa sifuri, ikaruka mbele ya zote. Wengine hupeleka kazi hii PHP. Mimi napendelea jedwali dogo la hali lenye safuwima ya mfuatano, unaliunganisha na oda na kupanga kwa namba hiyo. Mwenye duka akiongeza hali ya "imerudishwa", anaipa namba yake na hakuna msimbo unaoguswa.

Kivinjari

Kwa jedwali ambalo lote limeshafika kwenye simu ya mtumiaji, tuseme rekodi mia mbili, JavaScript inafaa sana. Mtu anabonyeza kichwa cha safuwima, mpangilio unabadilika papo hapo, bando lake haliguswi. Lakini kama umetuma rekodi 20 kati ya 900, kitufe hicho kinarudia kosa la ukurasa wa saba neno kwa neno, na ni bora kisiwepo au kirudi kwenye seva.

Tahadhari moja: sort ya JavaScript isipopewa fanksheni hulinganisha kama maandishi, hata ukiipa namba, hivyo 9, 10, 1 inakuwa 1, 10, 9. Na ukisoma kiasi kutoka kwenye jedwali lenyewe, "1,200,000" yenye mikato ni maandishi. Weka namba halisi kwenye sifa ya data ya kisanduku hicho, upange kwa hiyo.

Ukurasa wa yule mama

Nilifuta usort, nikaweka ORDER BY deni DESC, id DESC ndani ya hoja, nikatengeneza faharasa. Fundi wa stendi akapanda hadi kichwani mwa ukurasa wa kwanza na milioni zake mbili na nusu. Mama alipouona akaomba kingine: awe na kitufe cha kuwapanga kwa waliokaa muda mrefu zaidi bila kulipa chochote, wa zamani juu.

Nikaongeza tarehe ya malipo ya mwisho kwenye orodha ya ruhusa, kwa kupanda. Wapo wateja ambao hawajawahi kulipa hata mara moja, na safuwima yao ni NULL, yaani haina thamani yoyote. MySQL huziweka NULL mwanzoni pale unapopanga kwa kupanda, kwa hiyo walikuja juu ya wote, na ndiko alikotaka wawe. Kama mfumo wake ungekuwa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL wangezama hadi ukurasa wa mwisho, na ningelazimika kuandika NULLS FIRST ili awaone.